Safari ya Walikale na Mashini Isiyojua Kukaribisha Wageni

Tangu nirudi hapa Kibabi, kila mutu ninayekutana naye ananisimamisha katikati ya njia: "Tate, ilikuwa je kule Walikale?" Kisimani, mbele ya kanisa, hata mu shamba la viazi, ambako mutu alipaswa kuwa analima. Nimechoka kusimulia vipande-vipande. Mimi nilisoma kidogo tu, kwa hiyo mwenye kutafuta maneno ya kupendeza aende kwa mwingine. Anayetaka kujua yaliyotupata asome hapa, kisha aniache nilime.

Furaha munamujua wote, mutoto wa binti yangu, mimi ni tate wake, nyanya yake. Anafundisha ordinateri, ile mashini ya kompyuta, kule Goma. Na hafundishi watu kubonyeza tu. Anafundisha kuandika programu. Nilimuuliza programu ni kitu gani. Akasema: "Tate, unaiandikia mashini maagizo, moja kwa moja, kwa mufuatano. Inafanya yale tu uliyoandika. Haiongezi, haipunguzi." Nikamuambia sijawahi kuzaa mutoto wa namna hiyo.

Kazi yake ya Goma ilikuwa ya kushikilia nafasi ya mwingine, siyo ya kudumu. Mukubwa wake, Papa Direkta, alikuwa na kazi ya kudumu ya kutoa, ya kuzunguka shule na kufundisha walimu pamoja na wanafunzi wao. Lakini alisema mama mwenye mutoto wa kunyonya hawezi barabara ya Walikale. Furaha akamuambia atajaribu. Basi Direkta akakubali: aende, afundishe mupaka mwisho, naye Direkta atakuja siku ya kufunga kuona kama wamejua kitu. Wakiwa wamejua, kazi ni ya Furaha. Wakiwa hawajajua, anaiweka mukononi mwa kijana fulani asiye na mutoto.

Kwetu mama wa kunyonyesha akienda kazi ya mbali, anaenda na mutu wa kumubebea mutoto. Wengine wanachukua dada mudogo. Furaha alinichukua mimi, kwa sababu dada zake wanashika telefone kuliko mutoto. Huyo mutoto anaitwa Gloire. Ni muzito kama gunia la maharagi, na analia hata akishiba.

Kutoka Kibabi mupaka Masisi-centre

Tulipanda pikipiki, mimi na Gloire nyuma ya motari mumoja, Furaha na ordinateri nyuma ya mwingine. Motari wangu alikuwa anaimba. Nikamuambia: "Kijana, angalia njia, utaimba ukifika." Akaacha kuimba, akaanza kupiga filimbi.

Mahali pa kwanza pa kusimama, Furaha alifanya kosa. Mama muuza mikate alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa ukweli: "Nafundisha mashini za ordinateri." Yule mama hakusikia neno lingine isipokuwa mashini. Akaingia nyumbani, akatoka na redio iliyokufa. Jirani yake akaleta tochi. Muzee mumoja akasukuma cherehani mupaka barabarani, inalia kama mbuzi.

"Mama, mimi siyo fundi wa redio," Furaha akasema.

"Si uko mutu wa mashini?"

"Ndiyo, lakini mimi naandika maagizo."

"Basi iandikie hii maagizo iimbe."

Furaha ana moyo laini, haukutoka kwangu. Akafungua tochi, akapangusa kutu ya ndani, ikawaka. Ndipo tulipoharibikiwa. Habari ilitutangulia, sijui kwa njia gani, maana sisi tulikuwa na pikipiki na wao walikuwa na miguu. Kila tulipofika tulikuta watu wamesimama na vitu vyao vilivyokufa, kama wagonjwa mbele ya dispansari. Hata kwenye barrière, kile kizuizi cha njia, kijana mwenye kushika kamba alitazama mifuko yetu kwa ukali, akauliza tunabeba nini. Furaha akamuambia. Ule ukali ukamutoka. Akaingiza mukono mufukoni, akatoa telefone yenye kioo kilichopasuka, akasema kwa sauti ya mutoto: "Dada, hii inakataa kunionyesha picha."

Tulifika Masisi-centre jua limezama. Tungefika muchana.

Masisi-centre mupaka Nyabiondo

Asubuhi mvula ilikuwa imekaa juu ya vilima kama mutu asiye na kazi. Furaha aliogopea ordinateri zake. Akazifunika na nailo, akazifunga na kitenge mbele ya kifua, vile munavyofunga mutoto muchanga mu baridi, na kipande cha kitenge juu kama kofia. Mimi Gloire alikuwa mugongoni mwangu, kitenge cha namna moja, maana tulivikata mu kipande kimoja.

Tuliposhuka Nyabiondo kunywa chai, mama mumoja alituangalia, akaangalia kitenge changu, akaangalia cha Furaha, akaweka beseni yake chini.

"Mapasa!" akapiga kelele. "Mapasa imefika!"

Mapasa kwetu ni watoto wawili wa tumbo moja, na munajua vile wamama wanavyokuwa wakiona mapasa. Walitoka kila upande. Wakaanza zile nyimbo za mapasa, ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu katekista atasoma. Wakacheza, wakarusha majani, wakamuita Furaha Mama Mapasa, na wakatuita sisi majina yote ya matusi ambayo mama wa mapasa anapaswa kuitwa kwa heshima. Furaha alijaribu kusema. Nani angemusikia? Nami, nitasema ukweli, mguu wangu ulianza kucheza pekee yake kabla sijaukataza.

Kisha mukubwa wao, mama munene wa sauti nzito, akasema anataka kumuona yule wa pili. Akafungua kitenge. Akafungua nailo.

"Hii nini?"

"Ordinateri, Mama," Furaha akasema.

Yule mama aliiangalia sana ile ya juu, nyeusi na bapa. Akamugeukia Gloire. Akarudi kwa mashini. "Huyu wa kwanza anafanana na wewe," akasema. "Huyu wa pili, baba yake nani?"

Walicheka mupaka mumoja akakaa mu matope. Na hawakutaka kuchukua tena ndizi walizokuwa wametupatia zawadi. Walisema mapasa ni mapasa.

Nyabiondo mupaka Walikale, na kamyo

Kutoka pale tulipanda kamyo, lori kubwa, ya Kambale. Kambale ni mutu wa Butembo, mufanya biashara. Anateremusha maharagi na viazi kule Walikale, na anapandisha mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Ni mukatoliki muzuri, anafanya ishara ya musalaba mbele ya kila daraja, na kwa hali ya madaraja yale hakosei. Lakini ana haraka. Kambale anakula haraka, anasali haraka, anauliza swali na kujibu yeye mwenyewe.

"Tate, muko sawa? Muko sawa. Tunaenda."

Barabara ikaanza kushuka. Vilima vyetu vyenye ng'ombe vikabaki nyuma, pori likatufunga, joto likaja. Nilivua sweta. Baadaye nikavua ya pili. Halafu kamyo ikaingia mu tope mupaka tumboni, na haraka yote ya Kambale ikaisha.

Tulikaa pale na watu wengine wenye kamyo zao, wengine walikuwa tayari wamejenga vibanda. Vijana walichimba, waliweka miti, walisukuma. Kambale alizunguka kamyo yake akiisemesha kama mutu mwenye kumubembeleza mukwe. Furaha alikaa juu ya gunia, akatayarisha masomo yake, akanyonyesha. Mimi nilipika bugali na samaki ya chumvi, na mutu alipokuja kusimama karibu ya chungu changu bila kuwa ameshika jembe, nilimuuliza amechimba wapi; aliyechimba kamyo yetu njo alikula. Njo vile kamyo yetu ilitoka mbele ya zingine. Kambale aliwaambia wote kwamba ni sala. Sala ilisaidia, sikatai, lakini chungu kilikuwa changu.

Mu shule

Walikale walitupokea vizuri. Prefe, mukubwa wa shule, ni mutu murefu wa kuvaa tai hata mu joto lile. Mupishi wa shule ni Mama Noela, na huyo ndiye niliyekaa naye siku nyingi, kwa sababu jiko lilikuwa karibu na darasa na Gloire alitaka maziwa kila Furaha alipofungua kinywa kufundisha.

Nilikuwa nimebeba jibini yetu ya Masisi, moja nzima ya duara, kama zawadi ya jiko. Mama Noela aliipokea na mikono miwili. Kesho yake tulikula sombe, yale majani ya muhogo, yenye vipande vya kuvutika kama mupira. Alikuwa ameichemusha tangu asubuhi akingoja iive. Nikamuambia inaliwa vile-vile. Akasema: "Mbichi? Tate, huku hatuko wanyama." Nikamuachia.

Darasani niliona mambo kwa dirisha. Walimu walikaa na wanafunzi benchi moja, na hilo pekee yake lilikuwa tatizo. Mwalimu Bonane, wa hesabu, mutu wa mvi, hakutaka kukosea mbele ya wanafunzi wake. Kwa hiyo hakugusa mashini. Alikaa mikono mapajani kama mutu anayepigwa picha. Furaha hakumukemea, ningekuwa mimi ningemukemea. Alimuambia tu: "Papa Mwalimu, mashini haina kinywa cha kusimulia kwamba umekosa." Siku moja nikaona kidole kimoja cha Bonane kikiinuka. Kikashuka. Ile plake ya umeme wa jua juu ya paa iliposhindwa kwa mawingu na mashini zikazima, alikuwa wa kwanza kulalamika, nikajua amekamatwa.

Siku ya kufunga ilipokaribia, walitafuta programu ya kuonyesha Direkta. Bonane njo aliyetoa wazo. Alisema kila karamu ya shule wanapika kwa kukisia, chakula kinabaki ama kinapungua na watu wananuna. Basi mashini ikae mulangoni. Kila mugeni akifika, imuulize jina, imuulize kama atakula. Mwisho ihesabu sahani, jiko lipike hiyo hesabu tu.

Prefe alipenda sana. Alimuita Mama Noela, akamuambia mbele ya wote: "Siku ile hutapika kwa macho. Utapika kwa mashini."

"Nitapika kwa mashini," Mama Noela akasema, na mimi nilimuona uso wake.

Waliijaribu wao kwa wao siku nzima, wanafunzi wakipita mulangoni mumoja-mumoja. Iliwauliza watakula, wakajibu ndiyo, ikahesabu bila kosa. Wanafunzi wakiulizwa kama watakula hawajawahi kukataa tangu Mungu aumbe dunia.

Siku ya kufunga

Direkta alifika na viatu vya tope na uso wa tope. Alimuangalia Gloire mugongoni mwangu, akamuangalia Furaha, akasema: "Tutaona." Kisha wakafika wengine: mukubwa wa kijiji na kofia yake, pasta, wazazi, hata Kambale, aliyekuwa anangoja mafuta yake yajae kwenye kamyo.

Ordinateri iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Mwanafunzi mumoja msichana alisomea wasiojua kusoma. Mukubwa wa kijiji akaja wa kwanza.

"Karibu. Utakula?" msichana akasoma.

Sasa, munajua sisi wote tulivyolelewa. Mugeni akiulizwa kama atakula, hakubali. Anasema ameshiba, alikula njiani. Mwenyeji anamuomba. Anakataa tena. Mwenyeji anamushika mukono, anamulazimisha, na hapo njo anakaa, na anakula kuliko wote. Anayekubali mara ya kwanza ni kama anasema kwake hakuna chungu.

Mukubwa akasema: "Hapana, mwanangu, nimeshiba."

Msichana akabonyeza. Mashini ikajibu, naye akasoma: "Asante. Kwa heri."

Mukubwa akasimama pale. "Inanifukuza?"

"Hapana, Mukubwa," Bonane akasema haraka, "inakuaga tu."

"Sijaenda popote."

Wakamukalisha kwenye kiti kizuri. Pasta akaja, akasema ameshiba. Direkta, mutu wa Goma lakini mama yake alimulea, akasema alikula njiani, na njia ile mimi naijua, hakuna cha kula. Wazazi wote wakashiba. Mimi pia nilipita. Nikasema hapana, na nikaenda kukaa na njala yangu, nikingoja kuombwa kama mutu mwenye heshima.

Kambale alikuja akikimbia. "Utakula? Ndiyo," akajiuliza na kujijibu kabla msichana hajasoma, akapita.

Hotuba zilikuwa ndefu. Prefe alisema, pasta akasali, Prefe akasema tena. Mwisho, mulango wa jiko ukafunguka, na tukanyooka wote kwenye viti. Mama Noela akatoka, kitenge kipya, hatua za pole-pole kama mu misa ya askofu. Mikononi alibeba sahani moja. Fufu moja, sombe, paja la kuku. Akapita mbele ya mukubwa wa kijiji. Akapita mbele ya pasta. Akapita mbele ya Direkta. Akaenda mupaka mwisho wa nyumba, akaiweka mbele ya Kambale.

"Mashini ilisema moja," akatangaza, akarudi jikoni.

Kambale ni mutu mwenye adabu kwa njia yake. Alinawa mikono, akafanya ishara ya musalaba, akatuangalia sisi wote, akasema: "Karibuni!"

"Asante, endelea," tukajibu wote pamoja, na mukubwa wa kijiji pia, maana hakuna jibu lingine.

Akala. Tulisikia mufupa.

Prefe alikuwa amelowa jasho mupaka kwenye tai. Direkta alikunja mikono. Mimi nilimuangalia Furaha, nikasahau njala yangu. Nikaona ile kazi inaondoka, inapanda pikipiki, inaenda kwa kijana asiye na mutoto.

Furaha akasimama, akaenda kwenye meza, akageuza ile mashini iwatazame watu. Hakulia, hakuomba musamaha.

"Mukubwa," akasema, "mutu akikukaribisha chakula, unakataa mara ngapi?"

Mukubwa akafikiri. "Mara mbili. Kwa mukwe, mara tatu."

"Mashini haikukosa. Tuliiambia iulize mara moja, ikauliza mara moja. Hatukuiambia adabu yetu."

Direkta akasema: "Basi itengeneze."

"Mimi hapana, Papa Direkta. Hawa njo waliiandika, hawa njo watatengeneza. Si ulikuja kuona kama wamejua?"

Nilitaka kumufinya. Bonane akaja. Wanafunzi wake walikuwa nyuma yake, wote, wakiona kila kidole. Akaandika. Mwanafunzi akamuambia kitu sikioni, akafuta, akaandika tena. Wakamuita mukubwa wa kijiji arudi.

"Karibu. Utakula?"

"Hapana, nimeshiba."

"Usikatae, kula hata kidogo," msichana akasoma. Watu wakanong'ona, waah!

"Hapana, kweli."

"Usikatae, kula hata kidogo."

"Haya, ndiyo," mukubwa akasema, akanyoosha kofia.

"Usikatae, kula hata kidogo."

"Nimekubali."

"Usikatae, kula hata kidogo."

"Nimesema ndiyo!"

"Usikatae, kula hata kidogo."

Mukubwa akatugeukia. "Hii sasa njo mama mukwe wangu kabisa."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Niliangalia Bonane, nikafikiri mutu huyu atakimbia, hatagusa tena mashini mupaka kufa. Lakini alikuwa anacheka kuliko wote, mikono kichwani. "Nimesahau kuiambia iache!" akapiga kelele. "Nimeiambia irudilie, sikuiambia iache wakati gani!" Akajikosoa pale mbele ya wanafunzi wake, kwa sauti, kama mutu aliyeona mbuzi wake aliyepotea. Akaandika. Mukubwa akakataa mara mbili, akakubali ya tatu, na mashini ikasema: "Karibu mezani."

Walipita wote upya. Hesabu ikaenda jikoni. Mama Noela akaisoma, akatazama mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba, akanoa kisu.

Lakini mbuzi haivi kwa programu. Tulingoja sana. Na wakati tunangoja, Direkta hakuwa na mahali pa kwenda. Akavuta kiti karibu ya wanafunzi, kwanza kwa kuchoka tu. Akawauliza hili, wakamuonyesha lile. Bonane akamuelezea kurudilia na kuacha, akipiga meza. Nyama ilipofika Direkta alikuwa amesahau kunawa.

Ndipo Prefe akasimama na kusema kwamba shule inaomba Furaha arudi. Direkta akapangusa mikono, akageuka. "Mama Gloire," akasema, "ile kazi ya kudumu. Unaikubali?"

Nikaogopa. Maana mimi ndiye niliyemulea Furaha, na nilimulea kukataa. Hata kitu anachokitamani, kwanza aseme hapana, mimi sifai, mutafute mwingine. Na nikamuangalia Direkta: mutu wa muji, wa kazi nyingi, anayeuliza mara moja tu. Nani angemuandikia arudilie?

"Ndiyo, Papa," Furaha akasema. "Naanza lini?"

Hivyo tu. Bila hapana hata moja, mbele ya pasta na mukubwa wa kijiji. Direkta akacheka, akamupa mukono. Mama Noela, aliyekuwa anapita na chungu, akaniinamia. "Tate, hata hakukataa kidogo! Huyu mutoto nani alimulea?"

"Mimi," nikamuambia, kwa sauti ya kusikiwa mupaka mulangoni. Na nikamunyooshea sahani yangu aijaze tena, kabla hajaniuliza.